Jina Halitajwi Kwenye Mafunjo

Mwezi huu nilikuwa Nyakanazi nikisubiri basi, nimekaa kwenye benchi la muuza chai, mama mmoja akaja akatua tenga la kambale wa moshi karibu na miguu yangu. Kabla hata sijamsalimia, harufu ikanifikia. Kambale aliyekaushwa kwa moshi wa mafunjo hanuki kama aliyekaushwa kwa kuni. Harufu yake ina tope ndani yake, ina majani mabichi yaliyopondwa, na nyuma ya hayo yote ina kitu kama pumzi ya mnyama mkubwa. Nikainuka nikahamia benchi la pili.

"Vipi mama, unaumwa?" muuza chai akaniuliza.

"Siumwi. Nimeogopa tu."

"Umeogopa samaki? Tena mkavu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Basi likaja nikapanda. Lakini njia nzima hadi Ngara nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, na niliyekuwa namwaza si samaki. Nilikuwa namwaza mdogo wangu Butoyi, amevaa gauni lililoshonwa kutoka kwenye kitenge cha mama, anatembea mbele yangu katikati ya mafunjo, na mimi nina jina lake mdomoni na siwezi kulitamka.

Kwetu tulizaliwa watatu. Mimi wa kwanza, halafu mapacha, Bukuru wa kiume na Butoyi wa kike. Sisi Wahangaza hatuchagui majina ya mapacha, wanazaliwa nayo. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla udongo wa kaburi la baba haujakaa sawa. Shule nilikuwa nimeshaiacha mama alipozidiwa, maana mgonjwa anahitaji mtu wa kumgeuza na kumnywesha uji, na hapakuwa na mwingine. Baada ya matanga ndugu walikaa uani kwenye mikeka wakatugawa. Natumia neno hilo kwa sababu ndilo walilolifanya, ingawa walilifanya kwa huruma. Bukuru aende mjini Biharamulo kwa Shangazi Leonida, dada yake baba. Butoyi aende kwa mama mdogo, upande wa Shinyanga. Mimi nitafutiwe kazi ya ndani kwa watu wema. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, na ukuta wa fito hauzuii maneno.

Nikatoka na mwiko mkononi, nikapiga magoti mbele ya Shangazi.

"Shangazi, tuacheni hadi mavuno ya maharage."

"Mtakula nini, mwanangu? Maharage yenyewe ndiyo kwanza yanachipua."

"Samaki. Nitavua."

Mjomba mmoja akaguna. "Msichana huyu! Mto anaujua kwa kuchota maji."

"Nimetembea porini na baba," nikasema.

Shangazi akanitazama. Alikuwa mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, kama kaka yake. Aliwaita mapacha, akawavua nguo za juu, akawakagua mikono na migongo, akawageuza mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi.

"Haya," akasema. "Nitakuja wakati wa mavuno. Nikimkuta mmoja amekonda, au ana kovu ambalo leo silioni, nawachukua siku hiyohiyo. Na wewe usije ukanililia."

Sikuwa nimedanganya kuhusu baba. Nilitembea naye kweli. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyekomaa kubeba mzigo, kwa hiyo alinichukua mimi. Tuliondoka alfajiri, tukapita shamba la mwisho la mihogo, tukafika kwenye mawe meupe ya mpaka, yale tunayoyaita bikoni, ambako ardhi ya kijiji inaishia na ya hifadhi inaanza. Hapo baba alisimama, akatoa kitambaa chenye majivu, akakitikisa kidogo aone upepo unayapeleka wapi. Kisha akanigeukia na kuweka kidole mdomoni. Kuanzia hapo hadi tunarudi kwenye mawe yale, hapakuwa na neno. Nikikohoa, aliniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka ugoro. Nikikanyaga kijiti kikavu kikalia, alisimama kama mti, nami nikasimama, tukasikiliza hadi masikio yanauma. Mkono uliofumbwa maana yake simama. Kiganja kilichotazama chini maana yake chuchumaa. Na kuna jambo alilonikanya tukiwa bado nyumbani, kabla hatujatoka: porini jina la mtu halitajwi. Ukitaka kumwita mwenzako, piga ulimi kama ndege.

Sikumuuliza kwa nini. Mtoto hamhoji baba yake mambo ya pori, anajijibu mwenyewe. Mimi nilijijibu kwamba pori lina masikio, likishalisikia jina lako linalishika, na siku yoyote linaweza kukuita kwa sauti ya mtu unayempenda. Nilimwona baba akitokwa jasho asubuhi ya baridi. Nilimwona akigeuza shingo kila baada ya hatua chache kutazama tulikotoka. Nikasema moyoni, kama mtu mzima anaogopa hivi, basi wanyama wa huku wanaua wenye kelele na kuwaacha walionyamaza. Waya za kutegea wanyama alizozungusha kiunoni chini ya koti nilizijua. Nyama ya swala tuliyoibeba kwenye gunia la mkaa niliila kwa furaha. Lakini sikuviunganisha vitu hivyo. Kimya cha baba nilikichukua kama dawa, na dawa hiyo ndiyo niliyowapa mapacha.

Mto wetu hupita kwenye bonde pana la mafunjo kabla haujaingia hifadhini, na upande wa kijiji mtu aliruhusiwa kuvua kwa ndoano na kwa migono, ile mitego ya kusukwa kwa fito. Wenzangu mliokulia kando ya maji mnayajua haya, lakini sasa mnawatuma watoto wenu, kwa hiyo acha niyaseme. Siku ya kwanza huendi kuvua. Unakwenda kutazama. Tulikwenda mikono mitupu, baada ya jua kuyafikia mafunjo na ukungu kuinuka, kwa sababu kiboko hula nyasi nchi kavu usiku kucha na asubuhi mapema bado yuko njiani kurudi majini. Usikae kati yake na maji hayo. Tulitazama tope. Unyayo uliokauka kingo ni wa jana. Wenye maji yaliyotulia ni wa usiku. Wenye maji machafu ambayo bado yanazunguka ni wa sasa hivi, na hapo unarudi nyuma polepole, hukimbii. Tulitazama pia vichaka vilivyopakwa kinyesi, maana kiboko akinya hutikisa mkia kama fundi anayepiga lipu ukuta. Tukachagua ukingo wenye nyasi fupi, ambapo unayaona maji kabla hujayafikia. Habari za mamba nilimwambia Bukuru hivi: usichote mara mbili mahali pamoja, usioshe samaki uliposimama, na gogo ambalo jana halikuwepo si gogo.

Hayo yote yalikuwa sahihi, na yote nilipewa na baba. Migono tuliitega kwenye vijito kati ya mafunjo, mdomo ukitazama maji yanakoelekea, kwa kuwa kambale wa masika hupanda mto. Kwenye ndoano tulitia vipande vya sabuni ya mche. Asiyejua atacheka, lakini kambale anaipenda kuliko minyoo. Tukaanza kula. Baadaye tukaanza kukausha wengine juu ya moshi. Mashavu ya Butoyi yakarudi, nami kila asubuhi niliyatazama kama mkulima anavyotazama mawingu.

Na tulikuwa kimya. Mwanzoni mapacha waliona ni mchezo. Bukuru alipiga ulimi vizuri kuliko mimi, hadi ndege wakamjibu. Lakini kimya kikikaa muda mrefu kinaanza kujaa vitu. Mafunjo ni marefu kuliko mtu mzima, na vichwa vyake husuguana hata pasipo upepo. Ukiwa chini unasikia kama watu wanasengenya juu yako. Kila chura aliyeruka alinifanya nifumbe mkono. Kila nikifumba mkono mapacha waliganda, na nilipogeuka kuwaangalia niliona macho yao yananitazama mimi, si mto.

Jioni moja tukila, Butoyi akaniuliza, "Dada, pori likilijua jina langu litanifanya nini?"

"Litakuita."

"Kwa sauti ya nani?"

Nilijifanya natafuna. Akasubiri, kisha akajijibu mwenyewe, taratibu, akichambua mwiba wa samaki. "Ya mama."

Nikammegea tonge jingine.

Mtu mmoja tu alituharibia kimya chetu. Mzee Shija alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, na alikuwa anawanywesha upande wa juu wa bonde. Ungemsikia kabla hujamwona. Aliimba, alipiga miluzi, aligonga debe kwa fimbo, aliwatukana ng'ombe kwa majina yao.

"Nyie Wahangaza wadogo!" alipiga kelele kila alipotuona. "Mnatembea kama wezi! Leo mmeiba nini?"

"Shikamoo," nilinong'ona.

"Eeh? Sisikii! Unaniamkia au unaniroga?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Na hawa je? Kulwa! Doto! Hamsalimii wakubwa?"

Hivyo ndivyo alivyowaita mapacha, kwa sababu kwa Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, kama kwetu walivyo Bukuru na Butoyi. Yeye mwenyewe aliitwa Shija kwa kuwa alizaliwa baada ya mapacha. "Mimi watu hawa niliwafuata tumboni," alisema, akiwaelekezea fimbo. "Waliniachia nyumba chafu! Nawajua vizuri!" Bukuru alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mikono yote. Butoyi akauficha uso wake kwenye gauni langu, mabega yanatikisika.

Mimi sikucheka. Nilimwona mzee mpumbavu, na niliamini siku moja tutakuta debe lake tu limebaki. Jambo moja nilimshukuru: majina aliyoyapigia kelele hayakuwa yao. Pori na liwatafute hao Kulwa na Doto wa Usukumani.

Maji yalipoanza kupungua samaki walihama vijitoni, ikabidi tuingie ndani zaidi ya bonde. Hapo ndipo nilipoiona njia. Ilikuwa safi na ngumu, imenyooka katikati ya mafunjo hadi kwenye maji ya wazi. Ilikuwa na mifereji miwili sambamba, katikati tuta la nyasi, kama barabara iliyopitwa na magari. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Zamani za kambi ya wakimbizi ya Benaco, watu na magari walikata njia kila upande wakitafuta kuni na maji, na wakimbizi walipoondoka njia zilibaki porini, zikaota nyasi katikati. Mama alizoea kutuambia tukipotea tutafute njia ya wakimbizi, kwa kuwa ni ngumu na haimezi mguu. Nikafurahi sana. Nikawaonyesha mapacha kwa kidole: hii. Sikujiuliza ni gari gani liliingia kwenye mafunjo likaishia majini.

Tuliitumia njia ile, na haikutufanya kitu, kwa sababu tulingoja jua. Halafu ikaja asubuhi ya mawingu. Jua halikujitokeza, nami nilichoka kungoja. Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani. Nilitaka Shangazi akifika akute samaki wamejaa juu ya moshi, asiwe na la kusema.

Butoyi alitangulia kwa kuwa ndiye mwepesi. Alikuwa amebeba mgono kichwani, umemshukia hadi mabegani kama kofia kubwa, na ulisuguana na mafunjo kila alipopita. Mimi nilimfuata kwa mbali kidogo, Bukuru nyuma yangu. Tulikuwa tumeshaingia sana niliponusa kitu. Kwenye tuta la katikati palikuwa na kinyesi kibichi kinachofuka mvuke, kimerushwa huku na huku hadi juu ya majani. Nilisimama juu yake. Nikatazama mfereji wa kushoto, nikatazama wa kulia, upana wa kati yao, jinsi tuta lilivyobaki. Miguu ya upande mmoja huku, miguu ya upande wa pili kule, na tumbo likipita juu ya nyasi. Nikaelewa njia ni ya nani.

Bukuru akapiga ulimi. Mara moja, kisha upesiupesi. Nikageuka. Nyuma yake, tulikotoka, vichwa vya mafunjo vilikuwa vinainama upande huu na upande ule, kimoja baada ya kingine, vinakuja. Hapakuwa na upepo. Nikasikia pumzi, kama mtu anayefungua mlango wenye bawaba nzito. Nilimvuta Bukuru tukaanguka nje ya njia, ndani ya mashina, kwenye tope hadi magotini.

Butoyi hakuona. Aliendelea kwenda, kati ya mnyama na maji yake, mgono umemziba masikio.

Nilipiga ulimi. Hakusikia. Nikapiga tena, mdomo umekauka, sauti ikatoka kama ya kijiti. Nikafungua mdomo nimwite, na jina halikutoka. Naomba mnielewe. Sikusahau jina lake. Jina lilikuwa pale, juu ya ulimi, na kiganja cha baba kilikuwa juu ya mdomo wangu, nilikinusa. Nilijua nikilitaja pori litalichukua. Nilijua nisipolitaja nitamwona akikanyagwa. Yale mambo mawili yalisimama mbele yangu yakiwa sawasawa kwa ukubwa, na ardhi ilikuwa imeanza kutikisika.

"Butoyi!" nikapiga kelele. "Butoyi, toka njiani! Butoyi!"

Akasimama. Alisikia. Lakini hakugeuka. Aliuachia mgono ukaanguka, akaweka viganja masikioni, akasimama wima katikati ya njia huku amefumba macho. Watu wote walikuwa wanasema sauti yangu ni ya mama mtupu.

Bukuru ndiye aliyeelewa. Alichomoka mashinani nusu ya mwili wake, tope hadi kifuani, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtoto. "Doto! We Doto! Kulwa anakuita! Toka njiani, Doto!"

Jina hilo pori halikulijua. Butoyi akafumbua macho, akajitupa kando.

Kiboko alipita. Sikuona mnyama, niliona ukuta wa kahawia wenye maji, niliona sikio dogo, nikapigwa na upepo wake usoni. Mgono ulilia kama moto wa majani makavu. Kisha maji yakapasuka mbele, na mawimbi yakaja hadi kwenye mashina tulimokaa, yakarudi, yakaja tena, yakatulia.

Tulimkuta Butoyi amelala ndani ya mafunjo yaliyovunjika. Fito za mgono zilikuwa zimeruka zikamchana mkono, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Hakulia. Aliniangalia akauliza, "Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akauliza tena. Nikamwambia tena.

Mzee Shija alitokea kwenye ukingo, anahema, debe bado mkononi. Alikuwa amesikia majina. Alifunga kidonda kwa kitambaa cha kichwani mwake, akambeba Butoyi mgongoni hadi juu kwenye nyasi fupi, akaketi chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana utani.

"Nani amewafundisha kwenda kimya humu?"

"Baba."

"Baba yako nilimjua." Akatema mate pembeni. "Sikiliza, ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, kwa Kisukuma. "Mnyama akikusikia mapema anaondoka. Anayeua ni yule uliyemshtua. Mwindaji ananyamaza kwa sababu hataki mnyama aondoke. Wewe ulikuwa unamwinda kiboko?"

"Hapana."

"Na majina hayatajwi. Nalo alikufundisha?"

"Ndiyo. Pori litayashika."

Alinitazama kwa muda, nadhani alikuwa anapima kama anivunje moyo au aniache. "Askari wa hifadhi ndio watayashika," akasema. "Wakimsikia mtu anaitwa porini, kesho wanakuja kijijini kumuulizia mtu huyo. Baba yako hakuwa anaogopa mnyama. Alikuwa anaogopa watu. Wewe uko upande wa kijiji, una ndoano na sabuni. Unamwogopa mtu gani?"

Nilikuwa namwona baba pale kwenye bikoni, majivu yanaondoka mkononi mwake, anageuza shingo kutazama nyuma. Nyuma, kila mara nyuma. Mbele ndiko kulikokuwa na wanyama. Nimelibeba jambo hilo umri wangu wote, na hata leo sijui lipi lilinitisha zaidi siku ile, kiboko, au kujua kwamba mtu mkubwa kuliko wote niliowajua alikuwa akitembea na hofu ambayo sikuwa nimeielewa.

Tulirudi mtoni. Niseme wazi kwamba sikutaka. Ila tusingerudi tungegawanywa. Tulirudi jua likiwa juu, hatukukanyaga tena njia yenye mifereji, na tulikwenda tukipiga kelele. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko zile za kimya. Sauti ilitoka ikitetemeka. Tuliimba nyimbo za kanisani, tukamaliza, tukahesabu kwa sauti, tukamsema Mzee Shija. Tulipokosa maneno tulitangaza tunakokwenda: "Tunapita hapa! Tunakwenda kwenye migono! Hatukai!" Na mara nyingine, mbali mbele yetu, tulisikia kitu kizito kikiingia majini kwa hiari yake. Kila mara nilihesabu vichwa.

Mkono wa Butoyi ulipona ukaacha kovu refu, jeupe kama uzi. Nilimshonea gauni mikono mirefu. Halafu nikaifumua. Shangazi angewavua nguo, nilijua.

Alikuja na begi tupu. Tulimwamkia, akaitikia, akanywa maji, akawaita mapacha. Alimtazama Bukuru, akampapasa mbavu, akamwachia. Alipofika kwenye mkono wa Butoyi kidole chake kilisimama kwenye kiwiko, kikashuka polepole hadi mwisho wa kovu.

"Hili silijui," akasema.

Nikamweleza yote. Njia, kinyesi, jina, kiboko. Nilieleza nikiwa nimepiga magoti, na kila neno niliona linamvuta Bukuru kuelekea kwenye lile begi. Butoyi alikuwa amenishika vidole kwa nguvu hadi vikafa ganzi. Nilipomaliza, Shangazi akasema, "Kesho mtanipeleka huko."

Nilidhani anataka ushahidi.

Tulikwenda jua limekwisha kuyachoma mafunjo. Shangazi alivua viatu akavishika mkononi. Mara tu mafunjo yalipotufunika alibadilika: alianza kuweka nyayo kwa pembeni, kisigino kwanza, bila kuvunja hata jani. Alikwenda kimya kabisa, akageuza shingo kutazama nyuma. Kumbe na yeye alifundishwa, na yuleyule aliyemfundisha baba.

Bukuru akamshika kanga. "Shangazi, humu hatunyamazi. Ukinyamaza kiboko atakuona mwizi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Jitambulishe. Sema umefuata nini na unarudi lini."

Alifungua mdomo akaufunga. Akauziba kwa kiganja. Nilikijua kiganja kile. Mapacha wakamngoja. Mwishowe sauti ikatoka, ndogo, imepasuka.

"Mimi ni Leonida."

"Kwa nguvu, Shangazi!"

"Mimi ni Leonida!" akapaza, na ndege wakaruka juu ya mafunjo. "Nimekuja kuwatazama watoto wa kaka yangu! Nimewaona!" Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Kesho narudi Biharamulo!"

Nilisimama. Butoyi alisimama.

"Narudi peke yangu!"

Upande wa kushoto mashina yakatikisika, kitu kizito kikateremka majini, mbali na sisi. Hakuna aliyekimbia. Butoyi akauachia mkono wangu, akaushika wa Shangazi.

"Sema tena," akamwambia.